Mzazi, Mfundishe Binti Yako Kurusha Mpira

Pita Mapinga saa kumi na moja jioni, jua likianza kupoa. Utawakuta watoto wa kike wakicheza rede. Wawili wamesimama huku na huku. Mmoja yuko katikati. Wale wawili wanamlenga kwa mpira wa soksi kuukuu, naye anaukwepa. Anainama, anaruka, anageuka. Mahali pengine mtoto wa katikati ana kazi nyingine pia. Anajaza mchanga kwenye chupa huku anaukwepa mpira.

Mama uliyeko darasani, mchezo huu unaujua. Uliucheza wewe mwenyewe, na huenda mama yako pia aliucheza. Hakuna mwalimu aliyekufundisha. Ulijifunza kwa kutazama na kujaribu.

Rede ni mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna mambo makubwa. Mtoto anajifunza kulenga, kudaka, kukimbia, kusimama ghafla na kugeuka. Hayo ndiyo mambo anayohitaji mchezaji wa mpira wa pete, mpira wa mikono au mpira wa wavu. Ukisoma habari hii utaona jinsi mzazi anavyoweza kuyakuza. Huhitaji fedha nyingi. Unahitaji muda, subira, daftari moja na macho ya kuangalia.

Kwa nini binti acheze?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchezeshe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mwili utoke jasho na moyo uende mbio. Siku 3 kila wiki kuwe na mazoezi ya kukaza misuli na mifupa. Ushauri huu ni kwa watoto wa kiume na wa kike sawasawa.

Faida zake ni nyingi. Moyo na mapafu hupata nguvu. Mifupa huwa migumu. Mifupa ya mtu hujengeka sana katika miaka ya utoto na ujana. Binti anayeruka na kukimbia sasa anajiwekea akiba ya kutumia uzeeni. Tena mtoto anayecheza hulala vizuri. Anajifunza kushirikiana, kufuata sheria na kushindwa bila kununa.

Mtu anaweza kusema, "Binti yangu anachota maji, anatwanga, anafagia. Hayo hayatoshi?" Ni kweli, kazi hizo zinautia mwili nguvu. Lakini mzigo wa maji hulemea shingo na mgongo. Mchezo huuchezesha mwili wote, na huufurahisha moyo. Kazi haiwezi kuchukua nafasi ya mchezo, wala mchezo hauwezi kuchukua nafasi ya kazi. Kinachotakiwa ni kugawa muda. Kama kaka yake naye atachota ndoo mbili, dada atapata nafasi ya kucheza.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Walijifunza kwamba afya huanzia nyumbani. Jambo hili la michezo nalo ni hivyo hivyo.

Michezo ya kurusha

Iko michezo mingi inayotumia mkono. Hapa kwetu mpira wa pete ndio unaojulikana zaidi kwa wasichana. Kila upande una wachezaji 7. Pete iko juu mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Mchezaji aliyeudaka mpira haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Kwa hiyo lazima ajue kurusha upesi na kwa shabaha. Mchezo huu umo katika UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi, na katika UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari.

Upo pia mchezo wa kurusha mkuki. Hapo tuna la kujivunia. Mwaka 1965 nchi za Afrika zilikutana kwa michezo mjini Brazzaville, Kongo. Theresia Dismas wa Tanzania alirusha mkuki akapata medali ya fedha. Nchi yetu ilikuwa haijatimiza hata miaka minne tangu uhuru. Mkono wa mwanamke uliitangaza Tanzania mapema kabisa.

Nchi za nje kuna mchezo unaoitwa softiboli. Ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1887. Mpira wake unatoshana na balungi dogo. Mrushaji anausukuma mpira kwa mkono unaopita chini, karibu na nyonga. Hapandishi mkono juu ya bega wakati wa kuuachia. Mchezaji wa upande wa pili ana gongo, anajaribu kuupiga mpira huo. Katika michezo ya wanawake watu wazima, mrushaji husimama mita 13 hivi kutoka kwa mpigaji. Watoto wadogo husimama karibu zaidi.

Softiboli ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka 1996. Marekani ilishinda mwaka huo, tena mwaka 2000 na 2004. Japani ilishinda mwaka 2008. Baadaye mchezo ulitolewa. Ukarudi katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na Japani ikashinda tena.

Kwa nini nakueleza habari za mchezo wa mbali? Ni kwa sababu ya wazazi. Huko Marekani baba wengi hukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa uani. Binti anarusha, baba anadaka. Jioni baada ya jioni, mrusho baada ya mrusho. Wengi wa wazazi hao si walimu wa michezo. Wamejifunza kidogo kidogo ili wawasaidie watoto wao. Ndoo tunazo. Uani tunao. Binti tunao.

Lakini wazazi wale wamepata pia somo chungu. Zamani watu walidhani kurusha kwa mkono wa chini hakuwezi kumuumiza mtoto. Basi wakawaacha mabinti warushe kila siku, mwaka mzima. Madaktari wakaanza kupokea wasichana wenye maumivu ya bega na kiwiko. Siku hizi wanashauri mirusho ihesabiwe na mkono upumzishwe. Sisi tuanze na somo hilo, tusingoje maumivu.

Tayarisha vifaa

Vifaa vya kuanzia ni hivi:

1. Mpira wa soksi. Jaza soksi kuukuu vitambaa, ukaze kwa uzi, kisha ushone. Usitie jiwe wala mchanga ndani. Mpira mzito huumiza bega la mtoto na humuumiza anayelengwa.
2. Shabaha. Chora duara kwa chokaa ukutani, au funga duara la kamba kwenye mnazi, usawa wa kifua cha mtoto.
3. Pete. Fundi anaweza kukunja chuma chembamba. Watoto wadogo wafungie pete chini zaidi. Uipandishe kadiri wanavyokua.
4. Ndoo ya kukalia mzazi.
5. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, urefu wa mita moja na nusu hivi. Ni kwa mazoezi ya bega.
6. Daftari na kalamu.

Kiwanja kisiwe na vigae, misumari wala visiki. Fagia kwanza. Usiweke shabaha upande wa barabara. Magari ya barabara ya Bagamoyo yanakwenda kasi, na mtoto anayefuata mpira haangalii pembeni.

Hatua za kurusha

Anza na kupasha mwili moto. Mtoto akimbie polepole dakika 5. Azungushe mabega, kiuno na vifundo vya miguu. Aruke kamba mara 20. Mkono uliopoa usirushe kwa nguvu.

Kurusha kwa mkono wa juu, kama katika rede na mpira wa mikono:

1. Asimame ubavu, bega la kushoto lielekee shabaha kama anarusha kwa mkono wa kulia.
2. Kiwiko kiinuke hadi usawa wa bega. Kisining'inie.
3. Apige hatua mbele kwa mguu wa kushoto.
4. Kiuno kigeuke kwanza, kifua kifuate, mkono uje mwisho.
5. Baada ya kuachia mpira, mkono uendelee kushuka mpaka upande wa pili. Usikatishwe ghafla.

Kurusha kwa mkono wa chini:

1. Atazame shabaha.
2. Mkono uende nyuma, kisha upite karibu na nyonga.
3. Mguu wa upande wa pili upige hatua mbele.
4. Mpira uachiwe unapopita nyonga. Ukiachiwa mapema utakwenda chini. Ukiachiwa kwa kuchelewa utapaa.

Kusukuma mpira kwa kifua, kama katika mpira wa pete:

1. Mikono miwili iwe nyuma ya mpira, vidole vimetanuka.
2. Apige hatua mbele na kuusukuma mpira.
3. Mwisho vidole vyote vielekee kwa mwenzake.

Angalia jambo moja katika namna zote tatu. Nguvu hutoka miguuni. Hupita kiunoni, ikafika begani, ikatoka vidoleni. Mvuvi anayerusha wavu wa kutupa analijua hilo. Hatupi kwa mkono peke yake, anatupa kwa mwili mzima. Mtoto anayetupa kwa mkono peke yake huchoka upesi, na bega lake huanza kuuma.

Kwanza shabaha, halafu umbali, mwisho kasi. Usiugeuze mpango huu. Mtoto akilenga vizuri kutoka hatua 5, mrudishe hadi hatua 7. Akikosa mara nyingi, msogeze karibu. Hakuna aibu katika kusogea karibu.

Mazoezi ya kutia mwili nguvu

Mrushaji hahitaji mkono tu. Fanyeni mazoezi haya pamoja, mzazi na mtoto:

Kuchuchumaa na kusimama, mara 10. Visigino visiinuke.

Kusukuma mnazi. Asimame hatua moja kutoka kwenye shina, aweke viganja, ainame na kujisukuma mara 8.

Kusimama kwa mguu mmoja. Ahesabu hadi 20, kisha abadili mguu.

Kuvuta mpira wa baiskeli. Ufunge kwenye mti. Ashike ncha mbili, avute viwiko nyuma polepole, mara 10. Zoezi hili huimarisha nyuma ya bega. Sehemu hiyo ndiyo inayouzuia mkono baada ya kurusha.

Kuruka na kutua. Hili ni la muhimu sana kwa wasichana. Katika michezo ya kuruka na kugeuka, wasichana huumia goti mara nyingi kuliko wavulana. Mfundishe kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, kila goti likielekea vidole vya mguu wake. Magoti yasikutane katikati. Msikilize anapotua. Kishindo kikubwa ni dalili kwamba hajakunja magoti.

Mchanga wa pwani ni mzuri kwa kukimbia kidogo kidogo. Lakini ni mzito kwa miguu, na maji yakiwa yamejaa ufuko huwa mwembamba na wenye mteremko. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, mchanga umekaza.

Daftari la mkono

Ndugu mwanakisomo, hapa ndipo kusoma na kuandika kwako kunapofanya kazi.

Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha zake. Hapo ndipo mfupa unapokulia. Mtu mzima hana sehemu hizo. Mtoto akirusha kupita kiasi, sehemu hizo huumia. Maumivu huanza kidogo. Mtoto huyaficha, kwa sababu hataki kukatazwa kucheza. Mzazi asiyeandika hawezi kujua yalianza lini.

Weka kokwa 30 za maembe kwenye kopo. Kila mrusho wa nguvu, toa kokwa moja. Kopo likiisha, mirusho ya siku hiyo imekwisha. Kwa mtoto wa miaka 9 au 10 anayeanza, hiyo inatosha. Akizoea kwa wiki kadhaa, ongeza kokwa 5. Siku za kurusha ziwe 3 kwa wiki, na kati yake kuwe na siku ya kupumzisha mkono.

Kisha andika. Kwa mfano:

Jumatatu. Mirusho 30. Shabaha 12. Maumivu hakuna.
Jumatano. Mirusho 30. Shabaha 15. Maumivu hakuna.
Ijumaa. Mirusho 22. Shabaha 6. Bega linauma kidogo. Tumeacha.

Soma mistari hiyo mitatu. Siku ya Ijumaa shabaha zimepungua. Mkono uliochoka hupoteza shabaha kabla mtoto hajasema. Daftari limekuambia jambo ambalo mtoto hakulisema.

Maumivu yakitokea, aache kurusha siku ile ile. Asirushe tena mpaka yaishe kabisa. Yakizidi wiki moja, au yakimwamsha usiku, au kiungo kikivimba, mpeleke kituo cha afya. Usimkande kwa nguvu. Usimwambie avumilie. Nenda na daftari lako, mganga atakuuliza maswali ambayo majibu yake umeyaandika.

Chakula na maji

Mtoto anayecheza anahitaji kula zaidi. Ugali mtupu hautoshi. Dagaa, samaki, maharage, kunde na mayai hujenga mwili. Kisamvu na mchicha hulinda mwili. Nyama, samaki na maharage vina madini ya chuma, ambayo ni ya lazima kwa damu. Binti aliyeanza hedhi hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anayahitaji zaidi. Mpe chungwa, embe au pera pamoja na chakula. Matunda hayo husaidia mwili kupokea chuma cha mboga na maharage. Chai hufanya kinyume, basi asiinywe pamoja na chakula.

Joto la pwani ni kali, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Fanyeni mazoezi asubuhi na mapema au baada ya alasiri. Mtoto anywe maji safi kabla ya kuanza, katikati na mwisho. Akiona kizunguzungu, kichwa kikiuma au akitapika, mwekeni kivulini, mlowesheni maji na mumpepee. Akichanganyikiwa au kuzimia, mpelekeni kituo cha afya bila kukawia.

Binti aliyevunja ungo

Tuzungumze jambo hili waziwazi. Binti wengi hucheza vizuri hadi wanapovunja ungo. Hapo nyumbani husemwa, "Sasa umekuwa mtu mzima, mchezo basi." Mpira unabaki kwa kaka yake. Katika miaka ile ile ambayo mwili wake unahitaji sana kujengwa, anaambiwa akae.

Sisi watu wa Pwani tuna mila zetu za kumlea mwali. Kungwi na somo wanamfundisha adabu, usafi na kujitunza. Mafunzo hayo ni mazuri. Hakuna neno la adabu linalovunjwa na binti kurusha mpira mbele ya wazazi wake. Tena mazoezi hayaharibu uzazi. Mwenye hedhi anaweza kucheza akijisikia vizuri. Wengine hata maumivu ya tumbo hupungua wakifanya mazoezi mepesi. Awe na taulo za kike au vitambaa safi, mahali pa kujisitiri na maji ya kunawa.

Mavazi nayo si kizuizi. Anaweza kuvaa suruali pana, shati la mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri bila pini. Chama cha mpira wa miguu cha dunia kiliruhusu wachezaji kufunika kichwa mwaka 2014. Chama cha mpira wa kikapu cha dunia kiliruhusu mwaka 2017. Ikiwa dunia nzima imekubali, Mapinga hatuna sababu ya kukataa. Avae pia sidiria inayokaa vizuri, ili akimbie bila kuona haya wala maumivu.

Iko hofu nyingine ya wazazi, nayo ina haki. Wanaogopa binti kudanganywa au kuguswa vibaya njiani au uwanjani. Dawa ya hofu hiyo ni mzazi kuwapo. Mjue mwalimu wake wa michezo. Jua mazoezi yanaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi. Mabinti waende na kurudi kwa makundi. Asiitwe peke yake chumbani kwa mtu kwa kisingizio cha mazoezi. Mwambie mtoto kwamba mtu yeyote akimgusa vibaya, aje aseme, na wewe hutamgombeza. Mzazi anayekaa juu ya ndoo uani anamlinda binti yake kuliko mzazi anayemfungia ndani.

Ulimi wa mzazi

Mtoto hukumbuka maneno kuliko mafunzo. Akikosa shabaha, usimwambie, "Hujui kitu." Mwambie, "Kiwiko kilishuka. Kipandishe, jaribu tena." Neno la kwanza linamvunja moyo. La pili linamwonyesha njia.

Sema jambo moja kwa wakati mmoja. Ukisema matano, atasahau yote. Msifu kwa juhudi, si kwa kushinda tu. Siku ya mashindano, mwache mwalimu afundishe na mwamuzi aamue. Wewe shangilia. Mzazi anayemtukana mwamuzi anamfundisha mtoto matusi.

Baba, kazi hii si ya mama peke yake. Binti anayedakiwa mpira na baba yake anajua kwamba anathaminiwa. Mama, usiseme umezeeka. Mkono uliocheza rede haujasahau.

Na jiulize kila mwezi: nani anautaka mchezo huu, mimi au mtoto? Wasichana wachache tu hupata riziki kwa michezo. Lakini kila mmoja anaweza kupata afya, marafiki na moyo wa kujiamini. Masomo yake yasiachwe kwa ajili ya mpira. Akisema leo amechoka, mpumzishe. Akisema hautaki tena, mwulize sababu kwa upole. Huenda bega linauma. Huenda kuna mtu anayemsumbua. Huenda anapenda mbio kuliko mpira. Mtoto wa kuleta sifa kwa mzazi hulemewa. Mtoto wa kufurahi hucheza miaka mingi.

Kiwanja cha watoto

Kuna jambo ambalo mzazi mmoja hawezi peke yake. Mapinga inakua haraka. Ng'ambo ya Mto Mpiji ni Dar es Salaam, na watu wengi wanavuka kuja kununua viwanja. Pale palipokuwa na mikorosho sasa pana kuta. Pale watoto walipocheza rede pana mawe ya mpaka. Si kosa mtu kujenga nyumba. Lakini ardhi ikiisha kuuzwa yote, watoto watachezea barabarani.

Kiwanja cha mpira wa pete hakihitaji ardhi kubwa. Urefu wake ni mita 30 na nusu, na upana ni mita 15 na robo. Wazazi waende kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa, waombe sehemu itengwe kwa ajili ya michezo ya watoto. Iandikwe katika muhtasari wa mkutano, na mipaka yake ipimwe. Neno la mdomo husahaulika kiongozi akibadilika. Maandishi hubaki. Wewe sasa unajua kusoma. Omba kuusoma muhtasari huo, uone kama kiwanja kimeandikwa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wengi hulitumia neno hilo kwa adabu tu. Lakini hata mwili hufundishwa ungali mchanga. Tuukunje taratibu, tusiuvunje.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, binti katika nyumba yako huacha kucheza akiwa na umri gani? Ni nani huamua?
2. Kwa nini shabaha hufundishwa kabla ya kasi?
3. Soma tena mistari mitatu ya daftari. Ungefanya nini Jumatatu inayofuata?
4. Ni kazi zipi za nyumbani zinazoweza kugawanywa ili binti apate nafasi ya kucheza?
5. Je, kijiji au mtaa wenu una kiwanja cha watoto kilichoandikwa? Kama hakuna, nani atalisema jambo hili kwenye mkutano ujao?

Kazi ya kuandika

Pigia daftari lako mistari. Andika jina la mtoto, umri wake na siku 3 za mazoezi za wiki hii. Kila siku andika idadi ya mirusho, idadi ya shabaha, na maumivu kama yapo. Lete daftari darasani wiki ijayo, tusomeane.